Maneno Yaliyotundikwa Pamoja na Nguo

Mume wangu alifariki asubuhi ya siku ya kazi, nguo za wateja zikiwa zimelowekwa. Alikuwa dobi. Alisema kifua kinambana, akaketi, akaniambia nizime pasi isije ikaunguza shati la watu. Jirani alitupeleka hospitali kwa gari lake. Daktari alimpima, kisha akaniomba na mimi niketi.

Jioni nilirudi nyumbani bila yeye. Nguo zilikuwa bado majini. Nilizifua, nikazisuuza, nikazianika. Wenyewe walikuwa wanazihitaji, na mimi sikujua jambo jingine la kufanya.

Duka letu ni chumba cha mbele cha nyumba. Kuna meza ya pasi, na juu yake bomba la chuma kutoka ukuta hadi ukuta. Nguo zilizonyooshwa hutundikwa pale. Kila moja hubanwa kwa pini kipande cha karatasi chenye jina la mwenyewe.

Upande wa dirishani bomba lile halikuwa na nguo. Lilikuwa na maneno. Mume wangu alikata karatasi zilezile za wateja. Upande mmoja aliandika neno gumu la Kiingereza, upande wa pili maana yake kwa Kiswahili, kisha akalitundika. Yalikuwa maneno ambayo mtihani wa kumaliza sekondari hupenda kuyauliza. Alikuwa akimfundisha binti yetu.

Mume wangu alimwita binti huyo Mheshimiwa, kama mbunge, kwa sababu tangu utotoni kila akiambiwa jambo alitaka maelezo ya ziada. Jioni Mheshimiwa alikunja mashati, baba yake akipiga pasi. Pasi ikienda, baba alitaja neno. Pasi ikirudi, binti alitaja maana. Walikwenda hivyo kutoka karatasi ya kwanza hadi ya mwisho, bila kuruka hata moja. Fundi viatu wa jirani alisema akija kuchukua suruali yake anarudi na Kiingereza mfukoni. Mume wangu alimjibu kwamba hicho nacho kitalipiwa.

Baada ya mazishi, Mheshimiwa aliendelea peke yake. Alisimama chini ya bomba na kutaja maneno yote na maana zake, kwa mdundo uleule. Mimi ndiye niliyekuwa nikipiga pasi sasa. Nilimsikiliza, nikafarijika. Nilisema moyoni, huyu atafaulu.

Ukaja mtihani wa majaribio. Kiingereza alianguka.

Nilimuuliza imekuwaje, maana maneno yote anayo kichwani. Alinieleza huku akiangalia chini. Kila neno aliloliona kwenye karatasi ya mtihani alilifahamu kuwa ni la bombani, lakini maana haikuja mpaka aanze kuhesabu kutoka neno la kwanza. Kwa hiyo kila swali alinong'ona bomba zima. Msimamizi alimwonya mara mbili. Muda ukaisha nusu ya maswali yakiwa hayajaguswa.

Insha nayo haikumwendea vizuri. Alijua neno severe kwa maana ya kali, basi akaandika habari za kisu severe. Mwalimu alilizungushia duara jekundu.

Mtihani wenyewe ulikuwa karibu. Bila Kiingereza, kidato cha tano angekisikia kwa wenzake. Mheshimiwa aliona dawa ni moja tu, kukariri zaidi. Akawa anakariri kabla ya kwenda shule na baada ya kurudi, hadi sauti ikamkauka.

Siku moja alikuja mteja wetu wa zamani, mkutubi wa maktaba ya umma. Mtaa mzima humwita Mama Maktaba. Alikuja kuchukua magauni yake. Alisimama mlangoni akamsikiliza Mheshimiwa mpaka mwisho, kisha akamwomba ampe maana ya neno moja la katikati. Mheshimiwa alifumba macho. Midomo ikaanza kucheza. Alikuwa ameanzia la kwanza.

"Mwanangu, unayajua kama wimbo," Mama Maktaba alisema. "Ukikatishwa, unarudi mwanzo."

"Ndivyo baba alivyonifundisha."

"Na alikuanzisha vizuri. Alikupa neno na maana yake. Lakini neno halijawa lako mpaka uweze kulitumia, na mpaka likujie likiwa peke yake. Shusha hizi karatasi tuzichanganye."

Mheshimiwa alisogea akasimama kati ya Mama Maktaba na bomba.

"Samahani, mama. Hizi hazishuki. Alizipanga baba."

Mama Maktaba aligeuka. Alinitazama mimi.

Nami nilikuwa sijazigusa. Kila siku nilifuta vumbi mezani na dirishani, lakini karatasi zile niliziruka. Hati yake ya mkono ilikuwa pale, imeinamia kulia kama kawaida yake. Niliona wazi kwamba jibu linatakiwa kutoka kwangu. Nikafikiria pia zile alama za mtihani. Nikapanda juu ya kiti, nikachomoa pini ya kwanza.

"Mama, unaharibu mpangilio wake."

"Mpangilio huu ulikuwa wa kukufaulisha wewe," nilimwambia. "Baba yako angeziona alama zako, angezishusha mwenyewe. Tena angesema Mheshimiwa anasoma hotuba aliyoandikiwa na watu wengine."

Alitaka kucheka. Kicheko kikageuka kilio, akaingia ndani. Mimi niliendelea kuchomoa pini, Mama Maktaba akishika kikapu chini yangu. Tulipomaliza, alikitikisa kikapu kama mtu anayepepeta mchele.

Siku hiyo Mheshimiwa hakusema nami tena. Kesho yake asubuhi alisimama mbele ya kikapu akiwa na sare ya shule.

"Neno la kwanza liko wapi?"

"Sijui, mwanangu. Limechanganyika na wenzake."

Aliweka begi lake la shule chini. Kisha akatumbukiza mkono, akachukua la juu.

Kuanzia hapo Mama Maktaba alikuwa akipitia kwetu akitoka kazini. Alimwelekeza Mheshimiwa achukue karatasi chache tu kwa siku, si kikapu kizima. Aangalie neno, afunike maana, ajaribu kukumbuka kabla ya kugeuza. Yale mahangaiko ya kukumbuka, alisema, ndiyo yanayolikaza neno kichwani. Akikosa, neno lirudi kesho. Akipata, lipumzike siku kadhaa, kisha aulizwe tena, na akipata tena lipumzike zaidi.

Halafu kila neno alitafutie sentensi. Mama Maktaba alimweleza kwamba kwa Kiswahili tunasema kisu kikali, mbwa mkali, jua kali na maumivu makali, lakini kwa Kiingereza kila kimoja kina neno lake. Severe hukaa na maumivu, adhabu au ukame. Halikai na kisu. Basi anapojifunza neno, ajifunze pia linakaa na nani. Vilevile aangalie ndugu za neno lenyewe. Akijua courage, ujasiri, anaweza kumtambua encourage, kumpa mtu moyo, hata kama hawajawahi kukutana.

Mheshimiwa aliuliza sentensi atazitoa wapi. Kwenye kamusi zimejaa, lakini zote ni za watu asiowajua.

"Andika unachokijua," Mama Maktaba alimwambia. "Jambo la kweli halisahauliki upesi."

Akaandika kuhusu baba yake.

Aliandika kwa Kiingereza kwamba baba alikuwa reluctant kupandisha bei, yaani alisitasita, kila mwaka akisema mwakani. Kwamba alikuwa meticulous kwenye kola, makini mno, kiasi cha kunyoosha hata upande usioonekana. Kwamba kuimba kwake kulikuwa unbearable, hakuvumiliki, na majirani walikuwa na subira. Alinisomea hiyo moja akanitafsiria. Nilicheka mpaka nikaweka pasi pembeni. Yalikuwa maneno matupu kwangu, lakini mtu aliyekuwa ndani yake nilimfahamu.

Nyuma ya karatasi palipojaa aliongeza karatasi nyingine na kuibana kwa pini. Wakati mwingine aliniuliza jambo la baba yake asilolijua, la kabla hajazaliwa, kwa sababu alikuwa na neno na hakuwa na sentensi. Hivyo nilimsimulia mambo ambayo nisingeyasema siku zile. Nilidhani kumtaja kutatuumiza. Kilichokuwa kikituumiza ni kunyamaza.

Mama Maktaba alimpa pia vitabu vifupi vya hadithi. Akikutana na neno jipya, asikimbilie kamusi. Asome sentensi ya kabla na ya baada, akisie, ndipo ahakikishe. Mwanzoni Mheshimiwa alikisia ovyo. Baadaye akawa anapatia, na akipatia hujisifu mpaka inabidi nimwambie apunguze.

Siku ya mtihani aliondoka bila kunong'ona. Aliporudi nilimwekea chakula, nikasubiri aseme mwenyewe. Alisema maneno mengi yaliyoulizwa hayakuwamo kikapuni.

Nilishtuka. Yeye alikuwa akila tu.

"Mama, usiogope. Sentensi zilizoyazunguka zilinionyesha maana. Na insha nimemaliza kabla ya muda, nikairudia kuisoma."

Matokeo yalipotoka, alikuwa amefaulu Kiingereza kwa alama ya juu. Mama Maktaba aliyasoma mara mbili, kisha akatuuliza kama magauni yake yako tayari, kwa sababu hakutaka tumwone machozi. Fundi viatu alisema ile suruali yenye Kiingereza mfukoni sasa ataiogopa.

Sasa Mheshimiwa anasoma kidato cha tano katika shule ya bweni, na Kiingereza ni mojawapo ya masomo yake. Jumapili anapiga simu. Tunaanza kwa Kiingereza, kwa kuwa na mimi nimeanza kujifunza, maneno machache kwa siku. Tukifika kwenye habari za baba yake, tunahamia Kiswahili, na mara nyingi simu hukatika kwa kuishiwa salio.