Mita Thelathini Mbele ya Lori

Kila asubuhi wakati wa zuio la kutoka nje kwa sababu ya korona, Belyse alisoma kwa kompyuta kwenye meza ya jikoni, nyumbani kwao ughaibuni, mtaa wa Quakers Hill. Mama alikuwa keshakwenda kazini kuwahudumia wazee. Kwa kawaida baba yake, Salvator, naye angekuwa na lori lake bandarini Port Botany. Sasa alikaa mbele ya chai iliyopoa.

Wiki iliyopita alimgonga mzee aliyekuwa akivuka barabara. Mzee alilazwa hospitali bila kujitambua, na kwa sababu ya korona hakuna aliyeruhusiwa kumwona. Polisi walipima wakakuta kwamba lori lilianza kufunga breki mzee akiwa mita thelathini mbele. Ijumaa wangechukua maelezo ya mwisho.

Darasa la Belyse lilikuwa likijifunza mchapuko, yaani jinsi kasi inavyobadilika kila sekunde. Mfano wao ulikuwa lori lenye shehena: likifunga breki, kasi yake hupungua kwa mita tano kwa sekunde, kila sekunde.

"Baba, ulikuwa kwenye kasi gani?"

"Sitini, kama kibao cha barabarani kinavyosema. Ndivyo nilivyowaambia polisi."

Kwa kanuni ya darasani, Belyse alizidisha sitini kwa sitini, akagawanya kwa mara mbili ya tano.

"Ulihitaji mita mia tatu na sitini, Baba. Hakuna dereva ambaye angeweza kusimama."

Mchana huo Baba alimaliza sahani ya ndizi na maharage, mara ya kwanza tangu ajali.

Kesho yake Belyse alionyesha hesabu hiyo darasani.

"Hilo ni lori au meli?" Maxwell aliuliza, na wenzake wakacheka kwenye skrini.

"Breki umeipima kwa mita na sekunde," mwalimu alisema, "lakini sitini ni kilomita kwa saa. Geuza kwanza."

Aligawanya sitini kwa tatu nukta sita, akapata kumi na sita nukta saba. Akarudia hesabu. Mita ishirini na nane tu. Akarudia tena. Kwa kasi ya sitini, lori lingesimama kabla ya kumfikia mzee.

Baba alikuwa akipasha chakula cha jana. Belyse alitamani kunyamaza. Kwa kawaida alimjibu kwa Kiingereza, lakini sasa alizungumza Kiswahili, polepole.

"Baba, nilikosea. Kwa sitini ungesimama."

Baba alizima jiko.

"Sabini na mbili," alisema. "Barabara ilikuwa tupu. Watu wote wamo ndani, nikajiuliza, nani atavuka?"

Sabini na mbili ni mita ishirini kwa sekunde. Lori lilihitaji mita arobaini.

"Watakufukuza kazi?"

"Huenda. Huenda na zaidi."

Alichukua simu bila kungoja Ijumaa.

"Jana ulinipa hesabu niliyoitamani, nikala nikijua si kweli," alisema. "Leo umeisahihisha, ingawa ulijua itaniumiza. Fanya hivyo maisha yako yote, mwanangu. Kosa likifichwa halipungui."

Kisha akabonyeza namba.

"Naitwa Salvator Bigirimana. Nataka kusahihisha maelezo yangu."