Kisu cha Chini ya Mto

Kisu kiligeuka. Taghreed alikilaza chini ya mto wa mtoto, ncha ikitazama ukuta, akajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana; alipoamka, ncha ilimtazama yeye.

Alijiambia ni macho yake tu. Mzazi wa siku kumi na sita halali usiku, na asiyelala usiku huona mengi mchana. Kisu chenyewe kilikuwa cha jikoni tu, kimeletwa na mama mkwe wake, Bi Sayyida, aliyezaliwa Unguja na kuzeekea Maskati bila ya kuiacha Unguja hata chembe. Yeye ndiye aliyesema kichanga hakilazwi bila ya chuma mpaka arubaini iishe, majini yasije yakamtaka. Yeye ndiye aliyesema Taghreed asivuke kizingiti siku zote arubaini, na kwamba Loai, mwanawe mwenyewe, alale ukumbini. Katika fleti ile ya Ruwi, yenye chumba kimoja na ukumbi, amri zilikuwa nyingi kuliko nafasi.

Kesho yake, Alhamisi, Taghreed alishtuka usingizini saa tisa na nusu alasiri, wakati mji mzima umelala kwa joto na kinachosikika ni viyoyozi peke yake. Loai alikuwa amesharudi kazini Rusayl, amekula, amejitupa kwenye kochi. Sasa alikuwa chumbani, amesimama baina ya mkewe na kitanda cha mtoto, macho wazi, hayaoni mtu. Mkononi ana kisu. Chumba kilinuka nywele zilizoungua.

"Loai," alinong'ona. "Loai, n'nini?"

Alikirudisha kisu chini ya mto polepole, akatoka, akalala. Alipoamka aliomba chai ya maziwa, kama mtu aliyelala raha mustarehe.

"Mimi? Kisu?" Akacheka, kisha akauona uso wa mkewe, akaacha. "Wallahi sikumbuki, Taghreed. Unanitisha."

Walipendana, na hilo ndilo lililomuuma zaidi. Miaka sita walimngoja Noof, miaka sita ya madaktari na dua, na leo anaiogopa mikono ileile aliyoomba imbebe mwanawe. Alijifungia jikoni akampigia Bi Sayyida.

"Mama, nakitoa hiki kisu."

"Ukikitoa umelifungulia jini mlango."

"Na nikikiacha, Loai atamchinja."

"Kikulacho ki nguoni mwako," alisema Bi Sayyida. "Mwanangu nnamjua mie. Utotoni akitembea usingizini, lakini hajapata kushika kisu. Umerekodi?"

Alikuwa amerekodi. Tangu kisu kigeuke, aliiweka simu juu ya kabati kabla ya kulala, ikitazama chumba kizima. Moyo wa kuitazama picha hiyo ndio hakuwa nao.

"Basi iweke, Maalim Marhoon, yule mtoa majini, ataitazama. Kesho baada ya sala ntamchukua Loai nimpeleke kwake, Matrah. Na kisu pia, akisomee. Kabla ya Magharibi tutakuwa tumekirudisha. Majini hayatoki mchana."

Ijumaa walikwenda. Taghreed mwenyewe ndiye aliyeomba. "Funga kwa nje, Mama. Chukua funguo zote za mlango huu, asije akaponyoka akarudi peke yake." Loai alimtazama mlangoni kwa macho ya mtu anayefukuzwa kwake, akamwacha afungiwe.

Akabaki na Noof. Saa tisa kasoro alitaka kuituma ile picha kwa Bi Sayyida, akaona aitazame kwanza.

Aliyeinuka si Loai. Aliyeinuka ni yeye. Alijiona akisimama, macho wazi, akakiendea kitanda cha mtoto, akainama, akamnusa Noof utosini muda mrefu, kisha akafungua kiganja, akakishusha taratibu juu ya mdomo na pua ya mtoto. Ndipo Loai alipoingia mbio, amelala vilevile, akachomoa kisu chini ya mto, akajitia baina yao, na yeye Taghreed akarudi nyuma hatua kwa hatua mpaka kitandani kwake, akalala, akashtuka, akanong'ona: Loai, n'nini?

Taghreed alinusa kiganja chake. Kilinuka nywele zilizoungua.

"Rudini," alisema kwenye simu. "Loai, rudi na kisu. Ni mimi."

"Ni wewe nini?"

"Ni mimi! Wewe ulikuwa unamlinda."

"Robo saa," Loai alisema, na kwa nyuma Bi Sayyida alisikika akipiga yowe. "Taghreed, usilale. Robo saa tu, usilale."

Lakini usingizi ulikuwa umeshamshika magotini, mzito, si wake, na alijua kwamba hata akipiga kelele mlango ni yeye aliyeufungisha, basi alimbusu Noof, akamfungia peke yake chumbani, akajikokota ukumbini akishika ukuta, akausukuma ufunguo wa chumba chini ya mlango wa nje mpaka akausikia ukigonga kigae cha koridoni ambako mkono wake haufiki, na hapo macho yakafumba akiwa bado anasema, si mwanangu, si mwanangu.

Loai aliukuta ufunguo koridoni. Mkewe alimkuta amepiga magoti mbele ya mlango wa chumba, rangi ya mlango imemjaa kwenye kucha zilizovunjika. Ndani Noof alikuwa analia, mzima. Maalim Marhoon alifuata, akasoma na kufukiza mpaka Isha, akasema jini limekwenda. Bi Sayyida alilia kwa furaha.

"Nitoeni humu," Taghreed alimwambia.

"Siku ishirini na mbili tu, mwanangu. Mzazi hatoki."

Jumamosi, saa ileile ya alasiri, Loai alilala sakafuni kando ya kitanda cha mtoto, kisu kimesharudi chini ya mto. Taghreed alikaa macho, kikombe cha kahawa mkononi, anahesabu pumzi za Noof. Harufu hakuna. Akatulia. Akafungua kinywa aseme alhamdulillahi, na kinywa chake, yeye yu macho kabisa, kikasema kwa sauti nzito ya chini:

"Nna subira."

Loai aliinuka macho wazi, amelala, akapeleka mkono chini ya mto.