Daktari wa Safu Moja

Kila jioni mama yake Kidomo, daktari wa upasuaji, alirudi kutoka hospitali, akavua viatu, akakata vitunguu huku akimuuliza binti yake habari za shule. Siku hizi wapi! Tangu hospitali ipate daktari mgeni, ni daktari mgeni hiki, daktari mgeni kile.

"Leo tumebishana tena," Mama alisema akicheka. "Mtoto akishatolewa tumboni, mimi nashona mfuko wa uzazi kwa safu mbili za nyuzi. Yeye moja tu, basi! Wenzetu nao wamegawanyika. Lakini ana mkono mwepesi, huyo!"

Kidomo alinuna. Aliona wivu. Mbona yeye akiongoza darasani hasifiwi hivyo?

Jumamosi alimpelekea chai mama yake mdogo, aliyelazwa hospitali hiyohiyo kwa sababu mtoto alikuwa amekaa vibaya tumboni.

"Nani atakupasua?"

"Yule daktari mgeni."

Hata huku! Kidomo akamwinamia sikioni. "Mama mdogo, huyo anashona nusunusu. Muulize Mama."

Wauguzi walipokuja kumchukua, mama mdogo aligoma. "Sipasuliwi na mtu wa kulipua kazi!" Walimbembeleza weee, hakusikia. Muuguzi mmoja akasikiliza tumbo, uso ukambadilika.

"Mapigo ya moyo wa mtoto yanashuka. Jamani, tusichelewe!"

Kidomo alishtuka. Akatimua mbio hadi ofisini kwa Mama. "Mama, njoo! Mama mdogo anakataa kupasuliwa. Mimi ndiye niliyemtisha!"

Mama hakupoteza muda kumgombeza. Alifika, akamshika mdogo wake mkono. "Tunabishana kuhusu uzi tu, mdogo wangu. Kazi yake ni safi. Mimi mwenyewe ndiye niliyemwomba akupasue, maana kwako mikono yangu ingetetemeka."

Mama mdogo akakubali. Baada ya muda, mtoto alisikika akilia, mzima kabisa.

"Kwa nini ulisema vile?" Mama aliuliza koridoni.

"Kila siku unamsifu yeye tu."

Mama akamvuta karibu. "Hapo nimekosa, mwanangu. Ukiona wivu, njoo uniambie mimi, hata kwa hasira. Lakini usimchafulie mtu kazi yake. Kutofautiana si ubaya. Uongo ndio ubaya, na leo nusura utuulie mtoto. Nenda ukamwombe daktari radhi."

Kidomo akaenda, akaomba radhi. Alilia kumshinda hata huyo mtoto mchanga.