Majivu Yaliyokuwa Ndani ya Jicho

Akina mama wenzangu wa Gisenyi, na ninyi wa Nyakiriba na Mudende mnaoshuka sokoni, nisikilizeni. Haya yametupata sisi wenyewe.

Kwetu kulikuwa shwari. Idi ilikaribia, na mwanangu Abdu alikuwa barazani na cherehani yake, akishona kanzu nyeupe za watu. Mkewe Mukantwari alipiga pasi, mimi nilichambua maharagwe. Mlima wa moto ulikuwa unawaka tangu wiki iliyotangulia, na mnajua tulivyouzoea: majivu yakianguka tunafunika vyungu, kazi inaendelea.

Abdu akaanza kupangusa kitambaa. Anapangusa, anashona, anapangusa tena.

"We Abdu, unafukuza inzi gani?" akamcheka jirani yetu Mukagasana, muuza samaki.

"Majivu, dada. Mulima inanichafulia kanzu. Tena leo inamulika sana, fyaa! fyaa! upande huu wa kuume."

Nikapitisha kiganja juu ya ile kanzu. Safi. Nikatazama mlimani: mawingu matupu, hata moshi hauonekani. Nikachukua blanketi, nikamfunika kichwa chote.

"Mama, unanifanya maiti?"

"Nyamaza. Fumba macho. Sasa mulima iko inamulika?"

Akafumba. "Iko inamulika."

"Basi si mulima, mwanangu. Moto iko ndani ya jicho lako."

Mnadhani aliinuka? "Haliumi, mama. Nitaenda nikimaliza kanzu za Idi." Mukantwari akataka kumtilia jichoni maji ya majani ya kienyeji, nikamshika mkono.

Mukagasana akatua kikapu chake. Sasa hakucheka. "Mujomba wangu Munyakazi aliona hivyo hivyo, vimulimuli na masizi. Hakuumwa hata kidogo, akangoja. Halafu pazia nyeusi ikashuka ndani ya jicho, na mpaka leo haijapanda. We fundi, na jicho moja utapima mabega ya nani?"

Hapo Abdu akaacha cherehani.

Hospitalini walitutuma kwa meli ya ziwani hadi Bukavu, kwa daktari wa macho, Mzungu. Alimtia dawa ya kupanua mboni, akachungulia kwa taa ndogo. Msaidizi wake, Sibomana, alitufasiria: nyuma ndani ya jicho iko ngozi nyembamba sana, inaitwa retina, ndiyo inayopokea picha ya kila unachokiona. Ya Abdu ilikuwa imechanika kidogo. Maji ya jicho yakipenya kwenye mpasuko ule, ngozi yote inabanduka. Ndilo lile pazia.

"Ah bon! Kumbe kuchanika ni kazi yangu," akasema Abdu. "Atashona na uzi gani?"

"Hakuna uzi. Atachoma pembeni ya tundu kwa joto, kovu lishike ngozi mahali pake."

"Donc, basi ni pasi!"

Sibomana alicheka hata akashindwa kumfasiria daktari.

Akatibiwa. Alilazwa macho yote mawili yamefungwa, amekatazwa kugeuza kichwa, nami namlisha uji kwa kijiko, yeye ananung'unika kwamba namfanya bibi arusi.

Siku ya kufunguliwa nilisimama mbele yake. Akanitazama, akakunja uso. Nikasema, Mungu wangu, jicho limekwisha.

"Mama," akasema, "umevaa blauzi kinyume. Mushono yote iko inje. Unaniharibia jina mbele ya watu!"

Nikalia, nikacheka, nikaenda kuigeuza nyuma ya mlango.

FUNZO

Jicho likianza ghafla kumulika lenyewe, au ukaona vitone vyeusi vingi vikielea, usiseme ni mlima, usiseme ni uchovu wala jini. Haliumi, na hapo ndipo linapotudanganya. Usitie majani wala maziwa. Nenda kwa daktari siku hiyo hiyo, kabla pazia halijashuka. Mpasuko mdogo unatibika. Ngozi ikishabanduka ni kazi kubwa, na mara nyingi macho hayarudi yalivyokuwa. Abdu bado anaona vitone viwili vitatu. Daktari amesema havina neno, ila vikiongezeka arudi mbio.

Nanyi akina mama, msione haya kuitwa watu wa wasiwasi. Mtoto akinung'unika, mwacheni anung'unike, lakini anung'unike njiani.