Zizi la Judith

Ng'ombe wote walikuwa wametoweka, na miiba iliyoziba lango la zizi haikuwa imeguswa.

Zizi lenyewe lilikuwa ndani ya mchezo wa mtandaoni, kwenye seva ambayo Nashoni aliiendesha kutoka sebuleni kwake Kewanja. Vijana wa Tarime mpaka Mugumu walijenga humo maboma yao, naye kazi yake ilikuwa kuwalinda: aliyebomoa cha mwenzake alifungiwa milele, hata abembeleze vipi. Boma hili alilijenga Judith, mkewe, katika miezi ya mwisho ya ugonjwa, akiwa kitandani na simu yake. Hakikubaki kingine alichokijenga.

"Shemeji, mwizi mmoja tu anakushinda?" Robi, mdogo wa marehemu, alimtania kwa simu kutoka Morotonga. "Wakurya tutachekwa. Mfungie!"

"Nimeangalia aliyeingia." Nashoni alishusha sauti. "Ni akaunti ya Judith."

"Simu yake tulimzika nayo," Robi akanong'ona. "Mama alitaka."

"Najua."

"Basi ukiitwa, usiitike. Unakumbuka ya bibi? Kisicho mtu huita mara moja tu. Mtu ataita tena."

Alasiri, baruti ya mgodi wa dhahabu wa jirani ilipotikisa madirisha, jina la Judith liliwaka kwenye skrini. Ukuta wa nyumba yake ya mchezoni ukaanza kubomoka, jiwe baada ya jiwe, bila haraka. Sebule ikajaa harufu ya kibuyu cha maziwa kilichofukizwa moshi, kibuyu ambacho hakuna aliyekigusa tangu msiba, na ndani ya hedifoni, nyuma ya ng'ombe wasioonekana waliokuwa wakilia, sauti aliyoijua kuliko yake mwenyewe ikasema kwa upole, "Nashoni."

Hakuitika. Alingoja. Haikurudia. Ukuta wa mwisho ulipoanza kutikisika, aliweka kidole juu ya jina la mkewe, akabonyeza kufungia.

Kimya. Chumba kimoja kilikuwa bado kimesimama. Alivua hedifoni, akashusha pumzi.

"Nashoni."

Safari hii ilitoka mlangoni, mlango wa mbao wa nyumba yake, naye akashika ukingo wa meza huku ule moshi ukimjaa puani na komeo likitikisika polepole, akijiambia kwamba Robi alisema kweli, kwamba asiitike, kwamba angoje tu lipite, mpaka akashtuka kugundua kwamba moyoni alikuwa anaomba aitwe mara ya pili.

Akaitwa.