Miche Mitatu ya Mwisho wa Safu

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chiriku alipitia kwanza nyuma ya nyumba, kwenye kitalu cha shangazi yake. Chiriku si jina alilozaliwa nalo. Alibandikwa jina hilo kwa sababu ya kuongea. Hata miche aliisalimia.

"Hamjambo nyote? Wewe wa tatu, mbona umenuna?"

Msimu ule alikabidhiwa makopo ishirini na manne ya miche ya matikiti, yamepangwa safu mbili. Kila kopo la safu ya ukutani lilipewa kikombe kizima cha maji kila siku. La safu ya uzioni lilipewa nusu kikombe, tena kila baada ya siku mbili.

"Shamba letu la juu halina bomba," Shangazi alimweleza. "Maji ni ya kubeba kichwani. Kabla sijapanda shamba zima, nataka kujua kama mbegu hii inavumilia kiu. Wewe pima, tazama, andika kwenye daftari. Usinikisie."

Siku ya sita Chiriku alirudi kutoka shule jua likiwa la utosi. Miche ya uzioni ilikuwa imelaza majani kama masikio ya mbuzi mgonjwa. Roho ikamuuma. Chupa yake ya shule ilikuwa na maji yaliyobaki. Akatazama huku, akatazama kule, akaanza kugawa. Maji yalitosha makopo tisa. Matatu ya mwisho yakakosa.

"Poleni nyie. Labda kesho."

Lakini kesho yake pia maji yaliishia palepale, na keshokutwa vilevile. Na kila siku ya zamu ya safu ile, aliandika kwenye daftari: nusu kikombe tu.

Baada ya wiki mbili Shangazi alikuja kukagua. Alipoona miche tisa imesimama wima, majani mapana, alipiga makofi.

"Mbegu ngumu kama jiwe hii! Jumamosi tunapanda shamba la juu lote. Haya makopo matatu ya mwisho yamedumaa, yatupwe."

Chiriku aliyasogeza makopo hayo pembeni, asiyatupe. Mwezi mzima uliopita alikuwa amemwona Shangazi akilima shamba lile peke yake, mpaka viganja vikaota sugu. Sasa miche ingekaukia mle, yote.

Jioni wakila, Mapengo, mtoto wa Shangazi, alimtazama sana.

"Mama, huyu anaumwa. Tangu tukae hajasema neno."

"Nyamaza wewe, upepo utakuingia kwenye hilo pengo," alijibu Chiriku, kisha akaendelea kuchezea chakula. Shangazi alimtupia jicho, lakini hakuuliza.

Jumamosi asubuhi Shangazi aliweka jembe begani. Mbegu zilikuwa mfukoni. Chiriku akashika toroli, lakini hakulisukuma.

"Shangazi, subiri."

"Nimesahau nini?"

"Hujasahau. Ni mimi. Daftari linasema uongo." Akaeleza yote, chupa, makopo tisa, na alivyoandika, machozi yakimlengalenga.

"Kumbe jiwe lilikuwa linanyweshwa!" alisema Mapengo. Shangazi alimkata jicho, akakaa juu ya ndoo iliyopinduliwa. Halafu akauliza, "Makopo mangapi hukuyafikia?"

"Matatu. Yale ya kutupwa."

"Yalete. Na moja la wale wanywaji wako."

Alipindua kwanza kopo la mche mnene. Mizizi yake ilikuwa mifupi, imejikusanya juu palipokuwa na unyevu. Akapindua la mche uliodumaa. Mzizi mweupe ulikuwa umeshuka mpaka chini kabisa, ukazunguka kitako cha kopo mara mbili.

"Loo! Mzizi mrefu kuliko mche wenyewe!" Chiriku aliropoka.

"Umepona sasa," alisema Mapengo.

Shangazi alicheka kidogo. "Mitatu haitoshi kunihakikishia. Shamba litangoja. Tunaanza upya, mwanangu, na safari hii maji ya chupa unayanywa wewe."

Walianza upya. Mchana majani yalilala, Chiriku akaumia, lakini akangoja. Jioni yaliinuka yenyewe. Akaandika yote mawili. Kati ya miche kumi na miwili, kumi ilistahimili, na Shangazi akapanda shamba la juu bila wasiwasi.

Siku matikiti ya kwanza yalipofikia ukubwa wa ngumi, Shangazi alimwita, wakachuchumaa pamoja kwenye tuta.

"Mzizi ulikuwa unateremka kujitafutia maji, wewe ukauwekea juu, ukabweteka. Huruma si kosa. Ungeniambia, 'Shangazi, inanisikitisha,' ningekueleza kwamba jani likilala mchana, linajilinda na jua. Kosa ni kuandika usichofanya, maana mimi nalima kwa kufuata maneno yako. Ila ulisema kabla mbegu haijaingia ardhini. Ndiyo maana leo tuna cha kutazama."

"Nimesikia, Shangazi."

Kisha Chiriku akaligeukia tikiti lililokuwa karibu. "Na wewe umesikia? Haya, nenepa."

Akafungua chupa yake, akanywa maji yote.