Mashimo Chini ya Theluji

"Viatu vyako vya theluji umevivaa wapi leo, mwanangu, miguuni au mgongoni?"

Hilo ndilo swali ambalo Mama Thelma Cobb alimuuliza Adela Pelkey jioni ya Jumamosi moja ya Januari. Adela alikuwa ameshuka mlimani na kutokea nyuma ya nyumba ya jirani huyo, na Mama Thelma alikuwa mlangoni akikung'uta mkeka. Swali lilikuwa jepesi. Jibu ndilo lililokuwa zito.

"Miguuni, Mama," Adela alijibu, akaongeza mwendo.

Mama Thelma aliitazama suruali ya mtoto iliyolowa mpaka mapajani. Akavitazama na viatu vilivyofungwa juu ya begi. Aliingia ndani akafunga mlango.

Adela alikuwa na miaka kumi na mitatu. Aliishi na babu yake, Mzee Armand, katika kijiji cha Tamarack, chini ya Mlima Sable. Kila asubuhi alizoa majivu ya jiko, akaingiza kuni na kuondoa theluji mlangoni. Kisha yeye na babu yake waliinamisha vichwa wakasali, wakanywa uji wa shayiri, naye akaenda shule.

Lakini Jumamosi hiyo haikuwa siku ya kawaida. Desturi ya Tamarack ni kwamba mtoto akifikisha miaka kumi na mitatu hupita mgongo wa mlima peke yake, wakati wa baridi, kutoka mwanzo mpaka mwisho. Akirudi salama na kuiacha njia bila kuiharibu, hupewa ruhusa ya kupanda peke yake siku yoyote atakayo. Adela aliitamani ruhusa hiyo tangu akiwa na meno ya utoto.

Asubuhi babu yake alimfungia mikanda ya viatu vya theluji, vile vipana kama ungo ambavyo humzuia mtu asizame.

"Kule juu upepo umekwangua theluji yote, limebaki jiwe na barafu," alimwambia. "Utavivua uvibebe, si vibaya. Ila ukishuka na kuifikia miti, unavivaa tena. Hata kama mikono imekufa ganzi, unavivaa."

"Nimesikia, Babu."

"Umesikia au umeelewa?"

"Yote mawili, Babu. Leo nimekula bakuli mbili, nafasi ya kuelewa ipo."

Mzee alicheka, akampigapiga begani, akamwacha aende.

Kule juu hapakuwa na cha kuchekesha. Upepo ulipita juu ya mgongo wa mlima kama mtu mwenye hasira anayepita mlangoni bila kubisha. Adela alivua viatu vya theluji, akavifunga begini, akatembea akiwa ameinama. Kila alipoinua uso, punje za barafu zilimchoma kama mchanga. Kuna mahali alilazimika kupiga magoti, akishikilia mwamba mpaka dhoruba ipungue. "Mungu wangu, nishike mkono," alisema, na sauti yake mwenyewe hakuisikia. Alivuka. Hilo ni kweli na hakuna awezaye kumnyang'anya. Mtoto yule aliuvuka mgongo wa Mlima Sable peke yake.

Kosa lilitokea baada ya kuvuka, pale hatari ilipokwisha.

Alipoifikia miti alivishusha viatu, akakuta vifungo vimeganda. Vidole vyake havikuwa na nguvu ya kuvifungua. Alijaribu, akavipuliza kwa pumzi, akajaribu tena. Chini aliuona moshi wa nyumba za Tamarack. Babu yake alikuwa ameweka maharage jikoni tangu asubuhi, chakula cha kila Jumamosi.

"Ni kipande kifupi tu," alijisemea. Akavifunga tena begini, akashuka na buti.

Kila hatua alizama mpaka pajani. Kila mguu alioutoa uliacha shimo refu kama ndoo. Watu wa Tamarack wanayaogopa mashimo hayo kuliko upepo. Usiku huganda na kuwa magumu kama mawe, na theluji ikianguka kidogo huyafunika, asiyaone mtu. Kwa hiyo sheria yao ni moja: aliyetoboa njia hurudi akaiziba kabla ya kwenda zake. Adela aligeuka nyuma akayaona mashimo yake yamepangana kama meno yaliyong'olewa. Jua lilikuwa linazama.

"Theluji ya usiku itayafukia," alisema, akaendelea kushuka.

Nyumbani babu yake alimpokea kwa mikono miwili.

"Njia umeiachaje?"

"Nzuri, Babu."

Siku iliyofuata, baada ya ibada, Mzee Armand alisimama mbele ya kanisa akatangaza kwamba mjukuu wake ana ruhusa. Watu wakampa Adela mikono. Mama Thelma naye akampa mkono, bila kumtazama usoni.

Jumatatu asubuhi mume wa Mama Thelma, Mzee Everett Cobb, alipanda mlimani kukagua nguzo za njia, kama afanyavyo kila wiki. Alikuwa amevaa viatu vyake vya theluji barabara, lakini ncha ya kimoja ilinasa katika shimo lililofunikwa. Yeye akaanguka upande mmoja, mguu ukabaki upande mwingine. Alipuliza kipenga mpaka midomo ikapasuka. Wanaume walipomfikia na kumshusha kwa sleji, kitanda cha mbao cha kuburuta juu ya theluji, mfupa wa mguu ulikuwa umevunjika na vidole viwili vya mkono vimeungua kwa baridi.

Njia ikafungwa kwa kamba. Shuleni kila mtu aliuliza jambo moja: nani alipita na buti? Nao wakampata wa kumtaja. Junie Varney alisoma darasa moja na Adela. Mama yake alifua nguo za watu. Mwaka uliopita Junie alikamatwa akipanda na buti tupu, kwa kuwa viatu vya theluji kwao havikuwapo.

"Junie Kwato!" walimpigia kelele uwanjani, kana kwamba buti zake ni kwato za ng'ombe. "Umemvunja mzee wa watu!"

"Sikupanda mimi! Nilikuwa nyumbani namlea mdogo wangu, muulizeni mama!"

"Mama yako atakukana?"

Walicheka. Junie alimgeukia Adela.

"Adela, wewe ulikuwepo huko. Uliona alama za nani?"

Adela aliitazama theluji miguuni pake.

"Sikuona. Upepo ulikuwa mkali."

Wakubwa wa kijiji wakaamua kwamba Junie atawabebea kuni akina Cobb mpaka theluji iyeyuke. Kila siku baada ya masomo, kupitia dirisha la kwao, Adela alimwona akipita na mzigo kifuani, kichwa chini. Alikuwa na ruhusa aliyoitamani maisha yake yote, lakini hakwenda popote. Na asubuhi moja, walipokuwa wakisali, walipofika pale pa kuomba kusamehewa makosa, sauti yake ilikatika.

Babu yake alifumbua macho.

"Malizia, mjukuu wangu."

"Siwezi, Babu. Mashimo ni yangu."

Akaeleza yote: vifungo, moshi wa nyumba, theluji ya usiku, swali la Junie. Mzee alisikiliza mpaka mwisho. Alionekana kama mtu aliyeongezewa umri akiwa ameketi.

"Vaa," alisema. "Chukua sepetu."

Wakapita chini ya kamba, wakapanda. Shimo moja baada ya jingine, walivunja barafu ya kingo, wakajaza theluji, wakaikanyaga kwa viatu vipana mpaka ikashikana. Upepo uliwapiga. Mzee hakumgombeza wala hakumfariji. Walipomaliza alijiegemeza kwenye sepetu akahema.

"Haya tumeyaziba wawili. Lililobaki utaliziba mwenyewe. Na ile ruhusa nimeichukua. Tutaizungumza baridi ijayo, Mungu akitupa uzima."

"Ndiyo, Babu."

Jioni walishuka moja kwa moja hadi kwa akina Cobb. Mzee Everett alikuwa kitini karibu na jiko, mguu wenye plasta juu ya mto. Mama Thelma alikuwa akimenya viazi. Adela alisimama katikati ya chumba, theluji ikimdondoka.

"Mzee Everett, ni mimi niliyeshuka na buti. Si Junie. Junie aliniuliza mbele ya watu nikasema sikuona."

Wakati huohuo mlango wa nyuma ulikuwa umefunguliwa. Junie alikuwa amesimama pale na kuni mikononi, glavu kubwa za ngozi za kubebea kuni zikimfika karibu na viwiko. Alikuwa amesikia.

Mama Thelma aliweka kisu mezani.

"Nami niliiona suruali yake," alisema taratibu. "Imelowa mpaka huku. Nikajiambia, mjukuu wa Armand hawezi. Ikawa rahisi kuamini kwamba ni binti wa mfua nguo."

"Uliona, Thelma?" mumewe aliuliza.

"Niliona, nikanyamaza. Mungu anisamehe."

Kisha Mzee Everett akamwita Adela asogee.

"Sikiliza, binti. Kuchoka si dhambi. Hata mimi nimewahi kuchoka mlimani, na vifungo vyangu vimewahi kuganda. Lakini theluji haizibi shimo, inalificha tu. Na shimo lililofichwa halimvunji aliyelichimba, kwa sababu yeye anajua lilipo. Linamvunja anayekuja nyuma akiiamini njia. Uongo nao ni hivyohivyo. Mguu wangu utaunga. Jina la mwenzako je, nani atalifunga plasta?"

"Kesho nitasema shuleni, mbele ya wote," Adela alijibu. "Na kuni nitabeba mimi mpaka theluji iyeyuke." Akamgeukia Junie. "Nisamehe, Junie."

Junie alipita katikati yao mpaka kwenye jiko. Alizipanga kuni zake moja moja, vizuri, kama mtu anayemaliza kazi yake. Akajikung'uta maganda ya miti kifuani. Alivua glavu za ngozi, ya kulia kisha ya kushoto, akaziweka mikononi mwa Adela.

"Zinavuja," alisema.

Akafungua mlango, akatoka.